Kanoni na Toni: Sauti Zinazofuatana Katika Wimbo wa Kisukuma

Mwalimu wa kwaya wa Pasiansi au Buswelu, jijini Mwanza, anapotunga wimbo wa sauti nne, huanza na sauti ya kwanza, kisha huijengea sauti ya pili, ya tatu na besi. Katika Kiswahili hapati taabu kubwa. Atunze tu mkazo, barabara ya magari isije ikaimbwa kama barabara ya “sawasawa”. Kisukuma kina sharti zito zaidi. Ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, na toni ya juu haitulii ilipozaliwa: huhama na kusikika silabi za mbele. Wanaisimu, akiwemo Herman Batibo aliyechapisha Le Kesukuma mwaka 1985, wameichambua lugha hii kwa kina, lakini vitabu vyetu vya nyimbo havijanufaika na kazi yao. Sauti ya kwanza inaweza kufuata toni za maneno. Lakini besi inayoshuka pale sauti ya kwanza inapopanda hutamka maneno yaleyale kwa toni nyingine. Tunausifu upatanifu, kumbe sehemu kubwa ya kwaya inatamka vibaya.

Dawa ninayoipendekeza ni kanoni, tawi la kauntapointi (ufundi wa kuunganisha mahadhi yanayojitegemea) ambalo Waingereza walikuwa wakiliimba tangu karne ya 13. Sauti zote huimba mahadhi mamoja, kila moja ikiingia kwa zamu yake. Kwa kuwa mahadhi ni yaleyale, yakianzia nota ileile au oktavi ya chini, kila mwimbaji anatunza toni zilezile. Upatanifu unazaliwa na kuchelewa tu. Sisemi kila kanoni inafaa. Ile ya kupindua, ambayo Bach aliitumia katika Musical Offering ya 1747, hugeuza juu kuwa chini, nayo ingeliua neno la Kisukuma papo hapo.

Wapo watakaosema maneno yatamezana. Yatamezana kweli, lakini sauti ya kwanza imekwisha kuyatamka peke yake, na sikio linayatambua yanaporudi. Wengine watasema huu ni ugeni. Ng’ambo ya Ziwa Viktoria, Buganda, wapigaji wawili wa marimba ya amadinda hukaa wakitazamana, kila mmoja akipiga pale mwenzake anapoacha nafasi, na msikilizaji husikia mahadhi ya tatu ambayo hakuna aliyeyapiga. Hiyo si kanoni, wala sitaki kuilazimisha iwe. Inaonyesha kwamba masikio ya ukanda huu yamezoea pia sauti zinazopishana, si zile zinazopiga hatua pamoja tu.

Pingamizi gumu ni la mtunzi mwenyewe: mahadhi yaliyofungwa na toni yatapatanaje na mkia wake yenyewe sauti ya pili inapoingia? Aanze na nota za solfa d, r, m, s, l, ngazi isiyo na nusu-toni, ambamo nota zikikutana hazigombani vikali. Sauti mbili zinatosha, ya pili ikisubiri mapigo manane.