Daftari la Chama na Mashine Inayolitunza
(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa wajumbe wa bodi na makatibu wa vyama wanachama, Moshi)



Wazee wetu walioanzisha umoja wa wapanda kahawa wa Kilimanjaro mwaka 1925, na waliousimamisha KNCU mwaka 1933, hawakuijua kompyuta. Lakini shabaha ya mazungumzo yangu ya leo waliijua barabara, kwani walikuwa na msemo wa wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo, katika vyama vingi vya mlimani, daftari limo ndani ya mashine. Basi yatupasa kujiuliza: mashine hiyo inatunzwa na nani, na kwa utaratibu gani?

Niruhusuni nianze na kisa. Katika kazi yangu ya ukaguzi nilifika katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, siku chache kabla ya malipo ya pili ya kahawa. Kompyuta iliyotunza faili za mapokezi ilikuwa ikiendeshwa kwa nakala ya Windows isiyo na leseni, na kwa miaka kadhaa haikuwa imepata masahihisho yoyote ya usalama. Virusi viliingia, vikazifunga faili zote kwa ufunguo, na kwenye kioo likatokea tangazo la kudai fedha. Katibu alikuwa na nakala ya akiba, lakini aliiweka kwenye flashi iliyokaa imechomekwa katika mashine ileile. Nayo ikafungwa pamoja na nyingine.

Kamati ilikaa siku kumi na moja ikilipanga upya daftari kutoka kwenye stakabadhi za wanachama. Bibi mmoja alizileta zake za misimu mitatu zimefungwa katika pindo la khanga, zikiwa kamili, akalipwa haki yake siku hiyohiyo. Wengine walikuwa wamezipoteza, wakakadiriwa. Wapo ambao hadi leo wanaamini kwamba walipunjwa, na mimi sina ushahidi wa kuwaonyesha kwamba hawakupunjwa. Hilo, ndugu zangu, ndilo lililonisukuma kujifunza mambo haya.

Kisa hicho si cha kwetu peke yetu. Mwezi Mei 1917 hakukuwa na kompyuta. Lakini mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilizifunga kompyuta za Windows katika nchi zaidi ya 150, na hata hospitali za Uingereza zilikwama. Dawa ya virusi hivyo ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepokea masahihisho.

Sasa Microsoft ilikomesha matunzo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Toleo linalofuata, Windows 11, hudai prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na kifaa maalumu cha usalama, na kompyuta nyingi tulizo nazo katika ofisi za vyama hazitimizi masharti hayo. Chama kina njia tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na ya zamani bila ulinzi, au kubadili mfumo endeshi. Njia ya pili nimekwisha kueleza mwisho wake.

Mfumo ninaoupendekeza kwa mashine ya kutunzia faili, yaani seva, ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika mji wa Helsinki, Finland. Leseni yake humruhusu kila mtu kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Hiyo ndiyo tunayoiita programu huria. Nchi yetu nayo si ngeni katika shughuli hizo, kwani mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu huria ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Mtu wa Kibosho au Marangu hahitaji maelezo marefu. Mifongo yetu inayoshusha maji kutoka msituni haina mwenye kuuza maji yake, bali ina watu wanaoyatumia na wanaoitwa siku ya kusafisha. Asiyefika hutozwa faini. Programu huria ni mfongo wa namna hiyo: maji hayauzwi, lakini mfereji usiposafishwa hukauka. Asije mtu akawaambia kwamba kitu hiki hakina gharama. Gharama yake ni kujifunza na kukitunza.

Sikutaka kuwashauri jambo nisilolijaribu. Nyumbani kwangu nina kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambayo hutunza faili za ukaguzi na za familia. Nilichukua Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, nikaiweka kwenye flashi na kuisimika katika mashine. Kisha nikaweka programu iitwayo Samba, ambayo huiwezesha seva ya Linux kuzungumza na kompyuta za Windows, hata karani akafungua folda yake bila kujua kwamba kitu kimebadilika. Kazi nzima ilinichukua jioni tatu.

Jioni ya nne ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa nimefuta diski baada ya kunakili kila kitu, nikaridhika kwa kuwa idadi ya faili ilikuwa sawasawa. Lakini hesabu zangu za miaka miwili zilikuwa zimeandikwa kwa programu inayofanya kazi katika Windows tu. Faili zilikuwapo, nami sikuweza kuzisoma. Ilinibidi kwenda kwa jirani mwenye Windows na programu ileile, nikazigeuza kuwa majedwali ya kawaida yanayofunguliwa na LibreOffice. Laiti ingalikuwa ni hesabu ya chama, na jirani asiwepo, ningesema nini mbele ya mkutano mkuu? Kuwa na faili si sawa na kuwa na uwezo wa kuisoma.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, nawashauri mfuate utaratibu huu.

Kwanza, andikeni orodha ya kila programu chama inayoitumia. Inayohitaji Windows ibaki kwenye kompyuta ya karani. Seva peke yake ndiyo ibadilishwe. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, hutumiwa kwa njia ya mtandao, hivyo hauzuii mabadiliko haya.

Pili, fanyeni nakala mbili za faili zote, moja ikae nje ya ofisi bila kuunganishwa na mashine yoyote. Kisha zifungueni na kuzisoma. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Tatu, msifute mashine ya zamani. Endesheni zote mbili sambamba kwa muda wa mwezi mmoja, na mlinganishe jumla ya kilo na jumla ya fedha kila jioni.

Nne, kila mtumishi awe na jina lake na neno lake la siri. Karani wa mizani aandike mapokezi, mtunza fedha aandike malipo, na Linux itaweka kumbukumbu ya nani aliingia na saa ngapi. Lakini neno la siri likibandikwa ukutani, kumbukumbu hiyo haitamsaidia mkaguzi wala haitamlinda asiye na hatia.

Tano, wafundisheni watu wawili, si mmoja. Mashine inayofahamika kwa katibu peke yake ni mali ya katibu.

Wala msiamini kwamba Linux haipatwi na virusi. Hupatwa, ingawa kwa uchache, na masahihisho yake ni lazima yapokelewe vilevile. Nayo haizuii umeme kukatika. Betri ya akiba bado inahitajika.

La mwisho ni hili. Msiache kuandika stakabadhi za karatasi, na mwambieni kila mwanachama azihifadhi. Siku ile mashine iliponyamaza, kilichosema ni pindo la khanga la bibi yule. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba wanachama wasio na stakabadhi nao wanalipwa kilo walizozileta.