Kabla Chama Hakijanunua Sarafu ya Kidijitali, Kiulize Nani Anapiga Kura

*Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa ushirika wa kaunti ndogo kwa viongozi wa vyama na vikundi vya kuweka akiba, iliyotolewa katika ukumbi wa jamii wa wadi. Imefupishwa kidogo.*



Wiki mbili zilizopita, mweka hazina wa kikundi kimoja cha wadi hii alifika ofisini kwangu na daftari lake. Kikundi kina wanachama 24. Kwenye akaunti wana shilingi 186,000, na kila Januari pesa hizo hugawanywa kwa ajili ya karo. Sasa mwanachama mmoja amependekeza wachukue shilingi 100,000 wanunue sarafu ya kidijitali iitwayo Luna Classic, ambayo kwenye simu huandikwa LUNC. Ametoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni rahisi mno: kwa shilingi elfu moja unapata sarafu maelfu kwa maelfu. Ya pili ni kwamba haina bosi. Inaongozwa na jamii ya wenye sarafu, kwa kura, "kama chama chetu tu."

Watapiga kura Jumamosi hii. Mama huyo aliniuliza, "Mwalimu, tufanyeje?" Sikumjibu kwa ndiyo au hapana, kwa sababu pesa ni zao. Lakini nimeomba kuzungumza leo kwa sababu najua si kikundi hicho peke yake. Nitaeleza sarafu hiyo ilitoka wapi, kura zake hupigwa vipi, na kwa nini nafikiri neno "kama chama chetu" si kweli.

Ilikotoka

Luna Classic ni mabaki ya sarafu iliyoanguka. Hapo awali iliitwa Luna. Ilianzishwa na kampuni ya Terraform Labs, iliyoongozwa na Do Kwon, raia wa Korea Kusini. Luna ilikuwa na pacha wake, UST. UST iliahidiwa kubaki na thamani ya dola moja ya Marekani kila siku. Nyuma yake hapakuwa na dola zilizowekwa benki za kutosha kuilinda. Kilichokuwepo ni kanuni ya kompyuta: yeyote mwenye UST moja angeweza kuibadilisha apate Luna za thamani ya dola moja. UST hiyo ingefutwa, na Luna mpya zingetengenezwa.

Watu wengi waliingia kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuweka UST, palipoitwa Anchor, palipotoa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Mwezi Aprili 2022 Luna moja ilifika karibu dola 119.

Mwezi Mei mwaka huo wenye UST walianza kutoka kwa wingi, na UST ikashuka chini ya dola moja. Hapo kanuni ile ikageuka mtego. Fikirieni chama kinacholipa madeni kwa vyeti vya hisa zake chenyewe. Watu wakiogopa, bei ya hisa inashuka. Bei ikishuka, chama kinachapisha vyeti vingi zaidi ili kulipa deni lile lile. Vyeti vikiwa vingi, bei inashuka tena. Kwa muda wa wiki moja hivi, Luna ziliongezeka kutoka takriban milioni 350 hadi takriban trilioni 6.5. Bei yake haikufika tena hata sehemu ya kumi ya senti moja ya dola. Inakadiriwa kwamba dola bilioni 40 hivi za thamani ya Luna na UST zilitoweka.

Kulikuwa na watu waliotaka kuuza wakashindwa. Walikuwa wamefungia sarafu zao ili wapate faida na haki ya kupiga kura, na kanuni ya mtandao ilisema ukitaka kufungua unasubiri siku 21. Anguko lilichukua wiki moja. Wenye haki ya kupiga kura ndio waliokuwa wamefungiwa ndani.

Do Kwon alikamatwa Montenegro mwaka 2023, akapelekwa Marekani, na mwezi Agosti 2025 alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama ya New York.

Kura hupigwa vipi

Sasa tuje kwenye kura. Katika chama cha ushirika hapa Kenya, mwanachama ana kura moja. Mwenye hisa za shilingi milioni na mwenye hisa za shilingi elfu mbili wanainua mkono mmoja mmoja. Ndiyo maana mwenyekiti anakusalimia kwa adabu hata kama huna kitu.

Katika sarafu hii haihesabiwi mikono. Zinahesabiwa sarafu zilizofungiwa. Ukiwa na sarafu moja una sauti ya sarafu moja, na mwenye bilioni moja ana sauti ya bilioni. Ili upige kura, unafungia sarafu zako chini ya mthibitishaji, yaani mwenye kompyuta zinazoendesha mtandao na kuhakiki malipo. Wakati wa anguko wathibitishaji walikuwa 130. Usipopiga kura mwenyewe, mthibitishaji uliyemchagua anapiga kwa niaba yako, kwa uzito wa sarafu zako. Pendekezo hupita ikiwa angalau asilimia 40 ya sarafu zilizofungiwa zimeshiriki na zaidi ya nusu zimekubali. Wapinzani wakiwa zaidi ya theluthi kwa kura ya turufu, linaanguka.

Mkiangalia vizuri, kanuni hizo ziko wazi kuliko katiba za vikundi vingine ninavyovijua. Kila kura inaonekana na kila mtu. Sitaki kuwadanganya kwamba ni mchezo wa wezi. Lakini uwazi si usawa. Unaweza kuona vizuri kabisa jinsi unavyoshindwa.

Na kuna jambo la pili. Kura ikiwa sarafu, basi kura inanunuliwa. Mei 2022, Luna ilipokuwa karibu bure, ilionekana kwamba mtu mwenye pesa kiasi angeweza kununua sarafu nyingi kiasi cha kuuteka mtandao wote kwa kura. Wathibitishaji walilazimika kuusimamisha mtandao na kuzuia watu wapya kufungia sarafu. Walifanya hivyo kuulinda, na nadhani walifanya vyema. Lakini jiulizeni: siku ya shida, nani aliamua? Waliamua wenye mitambo. Mwenye sarafu zake mia mbili alikuwa anatazama simu.

Baadaye mwezi huo huo likaletwa pendekezo la kuanzisha mtandao mpya na kuuacha ule wa zamani. Wengi wa wenye sarafu chache walipinga, wakisema afadhali zile trilioni zipunguzwe kwa kuchomwa. Kura ilihesabiwa kwa sarafu, na pendekezo likapita kwa asilimia 65 na ushei. Mtandao wa zamani ukabaki na jina Luna Classic.

Jamii ilipojaribu

Hapo ndipo ile "jamii" ilipoingia. Waanzilishi walipoondoka, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichukua mtandao ulioachwa. Walirekebisha programu na kurudisha haki ya kufungia sarafu. Wakaamua kwa kura kwamba kila sarafu zinapotumwa, asilimia 1.2 zichomwe, ili idadi ipungue na bei ipande. Kodi hiyo ilianza Septemba 2022.

Kabla haijaanza, bei ilipanda zaidi ya mara nne ndani ya mwezi mmoja hivi. Wapo waliopata pesa, na hao ndio mnaowasikia. Lakini tumchukue mtu aliyenunua za shilingi 20,000 mwanzoni mwa Septemba, wakati kila mtu alikuwa anaitangaza. Mwisho wa mwaka huo sarafu zake zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya thamani hiyo. Hakuibiwa na hakuna mtu aliyemtapeli. Soko lilipanda kwa matumaini, na matumaini yalipopoa likashuka.

Na kodi yenyewe? Sarafu nyingi hununuliwa na kuuzwa ndani ya masoko ya mtandaoni, kwenye vitabu vya soko lenyewe, bila kutumwa kwenye mtandao wa Luna Classic. Huko kodi haifiki. Waliokuwa wakituma walipunguza kutuma kwa sababu ni ghali. Oktoba, mwezi mmoja tu baadaye, jamii ilipiga kura tena na kuishusha kodi hadi asilimia 0.2. Walijaribu kwa nia njema. Lakini kura haiwezi kumlazimisha mtu asiyekuwepo anunue kesho.

Hesabu ya daftari

Vijana huniambia, "Ikifika dola moja tu, tumetoka." Naomba tufanye hesabu. Sarafu zilizopo ni trilioni kadhaa. Tuseme ni trilioni tano tu. Kila moja ikiwa dola moja, zote pamoja zitakuwa dola trilioni tano. Mapato ya nchi yetu yote ya Kenya kwa mwaka, kuanzia chai na maua hadi mahoteli na viwanda, ni zaidi ya dola bilioni 100. Yaani sarafu hiyo ingetakiwa kuwa na thamani ya zaidi ya mara 30 ya kila kitu Kenya inachozalisha kwa mwaka mzima. Wa kulipa pesa hizo ni nani?

Wingi wa sarafu mkononi si utajiri. Gunia la maganda ni kubwa kuliko debe la mahindi, lakini sokoni tunajua lipi lina bei.

Serikali inasema nini

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa tahadhari kwamba sarafu za aina hii si fedha halali nchini, na kwamba jukwaa linalozishika likianguka, mteja hana kinga. Mambo yamesonga tangu hapo. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, na kazi ya kutoa leseni ikapewa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Naomba tuelewane vizuri hapa. Sheria inamsimamia anayekuuzia au kukuhifadhia sarafu. Haisimamii bei. Mtu akija kwenye mkutano wenu akawaambia, "Serikali imehalalisha, kwa hiyo ni salama," ameongeza maneno yake. Leseni ya kuuza pikipiki haimzuii mteja kuanguka.

Maswali ya Jumamosi

Kwa hiyo nilimpa yule mama maswali matano ayasome mbele ya wanachama kabla ya kura:

1. Tukinunua, sauti yetu itakuwa kiasi gani? Kikundi chetu kitakuwa na uzito gani mbele ya wenye mabilioni?
2. Tukitaka kutoka, tutasubiri siku ngapi? Je, karo inaweza kusubiri siku hizo?
3. Sarafu zitakuwa kwenye simu ya nani? Maneno ya siri ya kuzifungua atayashika nani, na mwenye simu akifariki au akihama, wengine watazipata vipi?
4. Faida itatoka wapi? Ikiwa jibu ni kwamba mtu mwingine atanunua kwa bei ya juu kuliko sisi, huyo mtu ni nani?
5. Pesa zote zikipotea, Januari tutamwambia nini mzazi ambaye hakuinua mkono kukubali?

Maoni yangu, kwa sababu mmeniuliza: mtu mzima akitaka kujaribu kwa pesa yake mwenyewe, kiasi ambacho kikipotea watoto watakula na kusoma kama kawaida, hiyo ni hiari yake. Asikope, na asiuze mbuzi. Lakini akiba ya karo ya watu 24 si pesa ya kujaribia. Ikiwa kikundi kitaamua hata hivyo, uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na kila mwanachama atie saini. Asiyekubali apewe nafasi ya kuondoa sehemu yake kwanza.

Ndugu zangu, kuna jambo moja ambalo jamii ya sarafu ile ingelitamani na haina. Sisi tunalo chini ya mwembe kila Jumamosi. Mwenyekiti akikosea, tunamjua nyumbani kwake. Mweka hazina akichelewa na daftari, tunamwuliza uso kwa uso. Na mama muuza mboga mwenye hisa kidogo kuliko wote akisema "hapana", hapana yake inahesabiwa sawa na ya mwenye duka. Kura hiyo mmeipata bila kuinunua. Itumieni Jumamosi, na msikubali mtu awaharakishe.



*Vikundi vinavyohitaji ushauri kuhusu akiba, katiba ya chama au uwekezaji vinaweza kumwona afisa wa ushirika katika ofisi za kaunti ndogo siku za kazi. Njooni na daftari la kikundi na kumbukumbu za mkutano wa mwisho.*