KUKABIDHI KITI: MANENO YA OFISI YA KATIBU KWENYE KIKAO CHA TAWI

Kwa ambao hawakufika kikaoni Jumapili, haya ndiyo tuliyosema. Tunayatuma yote kwa sababu sauti zinazozunguka kwenye simu zimekatwa vipande.

Muhula wa kamati yetu umekwisha. Baadhi ya wazee wanaomba wabaki “mpaka mambo yatulie”. Vijana nao wamefungua kundi lao na wanasema watauchukua muhuri. Sisi tumekaa katikati na leja mkononi, tukaomba kwanza tukumbushane namna babu zetu walivyopokezana madaraka.

Tuanze Iringa. Munyigumba aliziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe zikawa dola moja. Alipofariki, karibu mwaka 1879, kiti kilibaki wazi kikagombaniwa. Mwambambe alikitaka, damu ikamwagika, na Mkwawa akakimbilia Ugogo kabla ya kurudi na kuishika nchi. Akaweka vanzagila, wasimamizi wa maeneo waliowajibika kwake. Kwa vita mpango huo ulifaa sana. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski. Hatuudharau. Ila kiti chenyewe kilipatikana kwa mkuki.

Rungwe walikuwa na njia nyingine. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, waliiandika kwa kirefu. Mvulana wa miaka kama kumi alitoka kwa baba yake akajenga kibanda na wenzake wa rika, pembeni ya kijiji. Mchana alilima shamba la baba na kula kwa mama. Usiku alilala kwa wenzake. Walipooa, vibanda vile vikawa kijiji cha rika moja. Kisha, mara moja katika kizazi, ikafanywa ubusoka, yaani kutoka. Watoto wa chifu walitolewa hadharani, moto wa zamani ukazimwa, mpya ukawashwa, na wazee wakasogea kuwaachia vijana ardhi na utawala. (Chifu mzee hakutarajiwa kuishi sana baada ya hapo. Hilo hatuwaombei wazee wetu.)

Kilichotugusa zaidi sisi watu wa hesabu ni amafumu, wakuu wa vijiji. Wakuu wa vijiji vipya walichaguliwa na amafumu wazee waliokuwa wanaondoka. Hawakuchukua watoto wa chifu, wala hawakuwapa watoto wao wenyewe. Chifu alikuwa na ukoo wake, lakini aliyesimama karibu naye na kumwambia ukweli alikuwa mtu wa kawaida. Na makabidhiano yalifanyika mkabidhi akiwa hai, watu wakiona. Aliyewahi kukagua vitabu anajua tofauti yake: mwenye leja akiwepo unamuuliza, akishaondoka kwa ugomvi unabaki kubahatisha.

Kasoro zilikuwepo. Vijiji hivyo vilihesabiwa kwa rika la wanaume, na wanawake walifuata waume zao. Tawi letu lisiige hilo. Wanaolipa ada kwa wakati hapa wengi ni akina mama.

Mwaka 1963 Tanganyika iliyafuta mamlaka ya machifu kisheria. Kiti chetu sisi ni cha kura. Lakini hata kiti cha kura mtu hukizoea.

Baada ya mjadala mrefu, na mwingine mkali, kikao kilikubali hivi. Muhula hauongezwi. Wazee wanaotoka watakaa na wanaoingia, watakabidhi daftari la wanachama, muhuri, vitabu vya stakabadhi na salio la fedha, kimoja kimoja, mbele ya wanachama, na pande zote zitasaini. Vijana wamekubali kusubiri siku hiyo. Fomu mbili tulizopokea zimetoka kwenye nyumba za wajumbe waliopo. Hairuhusiwi kuzificha, undugu utatajwa wazi kabla ya kura.

Na sisi ofisi ya katibu tuna deni. Kitabu kimoja cha stakabadhi cha mwaka jana bado hatujakifunga, kwa sababu nakala 7 hazijarudi. Mzee mmoja alituuliza kikaoni tunawezaje kudai makabidhiano safi na letu halijanyooka. Hatukuwa na jibu. Wenye nakala hizo wazilete kabla ya Ijumaa saa 10 jioni, tukifunge wakiwepo.

Katibu wa Tawi