SWICHI YA TOCHI IKIPATA MOTO, USIINYAMAZIE

(Maongezi ya mfanyakazi wa jamii katika mkutano wa wakazi)



Leo nazungumzia tochi na taa ambazo mafundi hutengeneza kwa betri za lithiamu zilizotolewa ndani ya kompyuta za zamani. Taa hizi zinatusaidia. Mtoto anasoma, na mgonjwa anapelekwa zahanati usiku. Lakini nyingi hazina ile kadi ndogo inayokata umeme mambo yakiharibika. Umeme wote hupita kwenye swichi moja kwa moja. Sigara za umeme zisizo na kadi nazo ni hivyo hivyo.

Swichi ikipata moto, wengi husema, "Betri ina nguvu." Sivyo. Swichi hiyo ni mbovu, au imebebeshwa mzigo usio wake. Na sisi tunalala chini ya turubai.

Kwa nini inapata moto?

Umeme ukipita penye kutu, uchafu au waya uliolegea, hukuta kizuizi, na hapo hutokea joto. Joto hulegeza springi ya swichi. Springi ikilegea haigandamizi vizuri, kizuizi huongezeka, na joto huzidi. Ndiyo maana swichi yenye uvuguvugu leo inaweza kuyeyusha plastiki kesho.

Sababu ya pili ni mzigo. Taa ya wati 12 kwenye betri ya pikipiki ya volti 12 huvuta ampea 1. Taa ya wati hizo hizo kwenye betri moja ya lithiamu, yenye volti karibu 4, huvuta ampea 3. Swichi ya ampea 1 itaibeba ile ya kwanza. Ya pili itaiunguza.

Tufanye nini?

1. Zima taa, toa betri, acha vyote vipoe. Betri ikiwa imevimba, imetoboka au yenyewe ina moto, usiirudishe. Iweke nje kwenye udongo mtupu, mbali na nyumba na watoto.

2. Kama betri ni nzima, irudishe, washa taa kwa nusu dakika, kisha zima. Gusa kwa uangalifu swichi, springi, na mahali waya zinapoungana. Penye joto kuliko pengine ndipo penye ugonjwa.

3. Toa betri tena. Futa vyuma vinavyogusana kwa kitambaa safi na spiriti kidogo, uache vikauke. Penye kutu, sugua kwa msasa laini, upanguse vumbi lake. Usipake mafuta.

4. Kaza kilicholegea. Waya zilizosokotwa tu kwa mkono, fundi azilehemu. Asilehemu juu ya betri yenyewe, maana joto huiharibu.

5. Springi iliyolala, badilisha. Usijaze karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ikiteleza, hugusisha chanya na hasi, na betri huweza kuwaka.

6. Bado kuna moto? Weka swichi ya ampea kubwa zaidi, au taa ya wati ndogo. Mwambie fundi aweke fyuzi karibu na upande wa chanya wa betri. Usiunge waya moja kwa moja bila swichi. Hapo utakuwa umeondoa onyo, na hatari imebaki.

Mama zetu, usiku msiiache tochi kwenye blanketi au chini ya mto, kwa sababu kitufe kikibanwa huwaka bila ninyi kujua. Vijana, betri isiyo na kifuniko haikai mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Betri ikiwaka, toeni watu kwanza. Msivute moshi wake, msiishike kwa mkono. Imwagieni maji mengi, kwa kuwa hata moto ukizimika huweza kuwaka tena. Aliyeungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni zahanati. Msimpake dawa ya meno wala mafuta.

Mafundi wetu, mteja akirudisha taa kwa sababu ya joto, msimwambie atazoea. Ifungueni mbele yake, mumwonyeshe pale palipoungua.

 Sasa nakaribisha maswali.