Ua Linanyweshwa, Marando Yanakauka

Msikilizaji, bei ya mnada wa kwanza wa korosho umeshaisikia. Umeisikia asubuhi, umeisikia sokoni, umeisikia kwenye bodaboda. Chama cha ushirika cha MAMCU huku Masasi, cha TANECU kule Newala, kilo imefika wapi. Hatuirudii. Tunarudi kwenye lile tunalolisema kila msimu: korosho ikianza kunadiwa, chakula cha uwanjani kinasahaulika. Tulisema mwaka jana, tunasema tena.

Wiki hii, kwenye baraza moja hapa mjini, tumeona chungu cha ua. Majani yake ni ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, yametambaa mpaka chini ya ngazi. Kila jioni linapata maji kopo zima. Ni zuri kweli. Lakini ua hilo ni kiazi kitamu, ndugu wa matembele tunayoyajua. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kimezalisha viazi vya mapambo kama Sweet Caroline, kwa kuchagua rangi ya jani, si utamu. Hata hivyo majani yanaliwa, na chini kuna kiazi, ingawa sukari yake ni kidogo. Kama ulilinunua kitaluni na huenda lilipuliziwa dawa, usilile.

Nyuma ya nyumba hiyohiyo, tuta la marando ya viazi limebaki kamba kavu. Mbele ua linanyweshwa, nyuma marando yanakauka. Na hapa uwandani kwetu kila mtu anajua dumu la maji linavyopatikana. Mvua zikishuka mwezi Desemba, mtu anazunguka mtaani kuomba mbegu.

Mbegu nzuri ipo. Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya karoti, vina vitamini A ambayo kiazi cheupe hakina. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza lishe kwenye mazao, viazi hivi vikiwemo. Jirani zetu wanatuzwa kwa kiazi. Sisi, korosho. Asubuhi korosho, jioni korosho, na mtoto anakula ugali mkavu.

Basi tusikilizane. Mama, baba, tafuta marando mabichi leo. Kata vipande vya urefu wa rula, fukia theluthi mbili, kando ya bafu, kwenye kivuli, pale maji ya kusuuzia vyombo yanapoishia. Yatunze mpaka mvua ije, kisha yahamishie kwenye matuta. Baada ya wiki sita hivi chuma matembele, yaunge kwa karanga za kusaga au tui la nazi, maana vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Baada ya miezi minne, chimba. Pesa ya korosho isikukute uwanja mtupu! Jioni ya leo, ukishika lile kopo, nusu mwagia ua, nusu peleka nyuma.