Reli Kwenye Ubao Mmoja

(Mazungumzo na vijana wa klabu ya ufundi)

Leo tuzungumzie reli. Sio ile ya stesheni, bali reli ndogo ambayo mtu anaijenga mwenyewe nyumbani.

Wengi wakisikia reli ndogo hufikiria duara. Treni inazunguka, inazunguka, basi. Siku ya kwanza raha tupu, siku ya tatu imeshachosha. Kwa nini? Kwa sababu treni haina kazi. Kwa hiyo kabla hujachora mstari hata mmoja, jiulize: treni yangu itafanya kazi gani?

Najua wengine mnasema moyoni, "Sisi tunalala wanne chumba kimoja, reli tutaiweka wapi?" Swali zuri. Mwingereza Alan Wright alibuni mchoro uitwao Inglenook Sidings, unaotosha kwenye ubao mmoja mrefu. Ukimaliza kucheza unausimamisha nyuma ya mlango.

Mchoro wenyewe ni huu. Reli moja inagawanyika mara mbili tu, unapata matawi matatu. Tawi refu linachukua mabehewa 5. Matawi mawili mafupi, mabehewa 3 kila moja. Kabla ya mgawanyiko wa kwanza kuna kipande cha reli, tukiite mkia. Mkia uchukue injini na mabehewa 3, basi.

Kazi je? Una mabehewa 8, kila moja na namba yake. Andika namba hizo kwenye vikaratasi, chomoa 5 bila kuchungulia. Sasa injini iyapange mabehewa hayo kwenye tawi refu kwa kufuata namba ulivyozichomoa. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Utachoka wewe kwanza!

Siri iko kwenye mkia. Ukiurefusha, injini inavuta mabehewa mengi kwa mkupuo na kichwa chako kinalala. Ukiufupisha, unaweza kukwama kabisa. Mnaona? Ufinyu wa nafasi ndio unaoleta mchezo, mradi umepimwa.

Basi tupime. Kwa kipimo cha 1:87, ambacho kinapendwa sana duniani, behewa la mita 13 linakuwa na sentimita 15 hivi. Tawi refu litahitaji sentimita 75, mafupi 45 kila moja. Mkia, kama injini nayo ina sentimita 15, utahitaji 60. Halafu ongeza nafasi ya migawanyiko.

Hapa muwe macho! Usianze kuhesabu tawi pale reli zinapoachana. Hapo bado zimekaribiana mno. Behewa lililosimama litagongwa na linalopita tawi la jirani. Anza kuhesabu pale ambapo mabehewa mawili yanapishana bila kugusana. Usipozingatia hilo, reli imeshanunuliwa, imeshakatwa, na mabehewa 5 hayaingii. Hela ndiyo imekwenda hivyo.

Sasa, kabla ya kununua chochote, tafuta viberiti vitupu 9. Vinane ni mabehewa, kimoja ni injini. Chora matawi sakafuni kwa chaki, ukipima kwa urefu wa kiberiti: 5, 3, 3, na mkia 4. Cheza na mwenzako. Mkikwama, futeni mchore upya. Chaki inafutika, lakini reli iliyokatwa haiungiki kirahisi.

Haya, nani ana chaki?