Chuo cha mbali kinataka chumba cha karibu
Hotuba ya komite ya masomo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama

Tumeombwa kusema juu ya vyuo vikuu huria, vile ambavyo mtu anasoma akibaki kwake, bila kwenda kupanga nyumba Bukavu wala Lubumbashi. Sababu munaijua. Vijana 14 wameandika majina, wanaomba mfuko uwakopeshe minervali, kila mmoja kwa chuo chake na kwa simu yake. Mweka hazina amepiga hesabu: tukiwapa wote, mfuko unaisha, pamoja na sehemu ya matanga na ya wagonjwa. Kwa hiyo tuongee vizuri, bila kukimbia.

Vijana wanazungumza juu ya masomo ya mbali sawa vile yamezaliwa pamoja na WhatsApp. Hapana. Kule Afrika Kusini, UNISA ilianza kufundisha kwa barua tangu 1946. Mzee Mandela alipata shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Uingereza walipitisha hati ya Open University mwaka 1969, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1971. Aliyeipigania ndani ya serikali ni mama mmoja, Jennie Lee, binti wa mchimba makaa wa Scotland. Chuo kile hakikumuuliza mtu cheti cha sekondari mbele ya kumpokea, na masomo mengine yalipita kwenye televisheni na redio ya BBC. India wakafungua chao, IGNOU, mwaka 1985, na leo wanafunzi wake wanahesabiwa kwa mamilioni.

Cha jirani ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Siye tuliokaa Lugufu na Nyarugusu jina hilo si geni masikioni mwetu. Bunge lao lilipitisha sheria yake 1992, kikaanza kazi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa kwanza wakaingia masomoni 1994. Wakati ule nani alikuwa na simu ya mkononi? Watu walisoma kwa vitabu vya kuchapwa, usiku, kwa taa ya mafuta. Lakini chuo kilifungua vituo mikoani, na kimoja kiko Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu. Mwalimu wa kijijini anabaki na darasa lake na mshahara wake, siku zikifika anakwenda kituoni, anaonana na walimu, anafanya mtihani akiwa na msimamizi mbele yake.

Hapo ndipo tunaomba musikilize. Vyuo hivi vya mbali, ukiviangalia kwa karibu, vyote viko na kitu cha karibu. Waingereza waliweka walimu wa kusaidia katika miji mbalimbali, na vituo vya kukutana jioni. India ni vilevile. Hata ndugu zetu walio katika kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako Wakongomani ni wengi, walipata nafasi ya kusoma kwa intaneti tangu 2010 kwa msaada wa Wajesuiti, na diploma ilikuwa inatolewa na chuo kikuu cha Regis cha Marekani. Walimu walikuwa mbali sana, ng'ambo ya bahari. Lakini wanafunzi walikuwa na nyumba ya kusomea palepale kambini, na kompyuta, na wenzao wa kuuliza: hii umeielewa namna gani?

Juu ya nini tunasisitiza? Juu ya kwamba katika masomo ya namna hii wanaoanza ni wengi na wanaomaliza ni wachache, ata kwenye nchi zenye umeme usiku kucha. Na kwetu je? Kijana anatoka shamba saa kumi na mbili jioni. Simu iko na chaji kidogo, mega zinakatika katikati ya somo, nyumbani wako watu nane kwenye chumba kimoja. Mama aliyeacha masomo wakati wa vita, leo ana watoto watano na biashara ya samaki: huyo akili anayo, hana saa moja ya utulivu. Ukimlipia minervali na kumwacha peke yake, umelipa kuanza tu.

Kuna jambo la karatasi pia. Mmoja wa vijana wetu alilipa dola 120 kwa simu, kwa shule moja ambayo hatutaitaja jina. Miezi minne, akapata cheti chenye muhuri mzuri sana. Alipokipeleka kuomba kazi, wakakirudisha. Ile pesa ilikuwa ya mbuzi watatu wa mama yake. Anayesoma kwenye chuo cha nchi nyingine, hata chuo cha kweli kabisa, akirudi na diploma hapa lazima aombe ekivalansi kwenye wizara ya elimu ya juu, Kinshasa. Mbele ya kulipa franka moja tunataka kuona chuo kimeandikishwa wapi, na nani mwingine aliyepata ekivalansi ya karatasi yake. Na lugha? Chuo Huria cha Tanzania kinafundisha zaidi kwa Kiingereza. Watoto wetu waliofuata programu ya Kongo kambini wamefanya Exetat kwa Kifaransa. Wengine waliosoma vijijini Tanzania wako na Kiswahili na Kiingereza, Kifaransa kidogo sana. Hawa wote hatuwezi kuwaweka kwenye kapu moja.

Komite tulibishana siku mbili. Mwenzetu mmoja alisema vijana wapewe pesa zao, kila mtu abebe mzigo wake. Wengine tulikataa, na ndilo pendekezo tunaloleta: kwa pesa ya minervali ya watu watatu tunanunua paneli za jua, betri, kompyuta mbili za mitumba na modemu, tunaziweka kwenye chumba cha nyuma cha ofisi yetu. Kifunguliwe saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu. Mwaka huu tukopeshe watu wanne tu, wenye chuo kilichochunguzwa, wasome pamoja, na kila mwezi waseme mbele yetu wamefika wapi. Wale kumi waliobaki watatumia chumba kujifunza lugha na kompyuta, bila kulipa. Sehemu ya matanga na ya wagonjwa isiguswe.

Tunajua kuna watakaokasirika leo. Wasimame waseme, kura itapigwa mchana.

Daftari la majina liko kwa mweka hazina mpaka Jumamosi. Mulete kopi ya diploma ya Serikali, au buletini ya mwaka wa mwisho kwa asiyemaliza, na jina kamili la chuo munachotaka. Wamama wenye watoto wachanga waandike vilevile. Mkeka utakuwepo pembeni.